Safari ya siku 7 kutafuta miguu ya rigi, Aberdeen mpaka Stavanger

Siku ya 1, tarehe 12 Mei

Chanzo cha safari hii ni mjomba wangu wa Kilwa Kivinje. Mwezi wa 2 alinitumia voisi ya dakika 4 WhatsApp, kaona picha ya rigi, mtambo wa kuchimba mafuta baharini, kwenye simu ya mjukuu wake, dude limesimama katikati ya bahari mawimbi yanapiga, akawa hana raha. "Mpwa wangu wewe si uko huko Uingereza, hebu kaniangalizie, lile dude limesimama juu ya nini? Mimi wando tunauchomeka kwenye pima 2 tu, maji ya bamvua yakija na kusi asubuhi unakuta miti inaelea. Wenzetu wanachomeka vipi kwenye pima 80?"

Wando ni uzio wa miti wa kunasia samaki, pima moja ni kama mita 1.8, bamvua ni maji makubwa na kusi ni upepo wa kusini. Nikaanza kumjibu kwa kujiamini nikakuta sijui. Nimeishi Leeds miaka 9, kila siku nasikia bei ya mafuta ya North Sea, lakini ukiniuliza rigi imesimama juu ya nini nabaki kutoa macho. Kwa hiyo likizo yangu nikaipeleka huko, viza ya Schengen nilishaipata mapema, nikapanda treni ya Aberdeen, Scotland.

Treni inatembea pembeni ya bahari mwendo mrefu sana. Ukishuka Aberdeen unakutana na bandari katikati ya mji, yaani unatoka stesheni unatembea dakika chache unaona pua ya meli imetokeza mwisho wa mtaa kama imepaki. Sio meli za makontena, ni zile za kuhudumia rigi, mbele ina nyumba ndefu, nyuma deki tupu limelala kama trei la chai, wanapakia mabomba, matenki, na makontena ya chakula.

Nimefikia kwa shemeji, mume wa dada, mtu wa Tanga, mpishi wa baharini. Anakaa wiki 2 huko, anarudi wiki 3. Usiku tumekula wali wa nazi na samaki wa hapo hapo sokoni, nikamuuliza swali la mjomba. Akacheka. Akasema mwambie mjomba kauliza swali moja lenye majibu kama 7, inategemea yuko rigi gani.

Siku ya 2, tarehe 13 Mei

Asubuhi makumbusho ya bahari ya Aberdeen, pale mtaa wa Shiprow, kuingia bure. Katikati ya jengo kuna modeli ya mtambo wa Murchison, urefu mita 8 na nusu, inapanda ghorofa kwa ghorofa, wewe unazunguka na ngazi unaiangalia. Chini kabisa uko kwenye sakafu ya bahari, ukifika juu ndio unakutana na kreni, nyumba za kulala na uwanja wa helikopta.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu cha kwanza. Tunachokiona kwenye picha ni kichwa tu. Murchison ilikuwa imesimama kwenye maji ya mita 156, na kote huko chini ni msitu wa mabomba ya chuma yameunganishwa kwa kuchomelewa, mlalo, wima, mshazari, kama jukwaa la mafundi ujenzi lakini kila nguzo ni nene kuliko mbuyu. Hiyo wanaiita jaketi. Inaundwa nchi kavu, inapelekwa baharini, inasimamishwa, halafu kwenye miguu yake wanapigilia nguzo nyingine za chuma chini kwenye udongo, zinazama makumi ya mita. Baada ya hapo ndio wanakuja kupandikiza nyumba juu.

Nikamtumia mjomba voisi: shikamoo mjomba, ile ya kwanza ni kama wando wenu, tofauti miti yao wameipigilia kwa nyundo ya mashine na wameifunga pamoja mpaka maji yanapita katikati bila kupata pa kushika. Akajibu marahaba, halafu akasema maneno mawili tu. "Na kutu?" Nikarudi ndani kuangalia. Kumbe wanafunga vipande vya metali nyingine kwenye miguu, kazi yake ni kuliwa na maji ya chumvi badala ya jaketi. Mjomba akasema hilo ni jambo la akili.

Jioni shemeji akanipeleka Hazlehead Park kwenye bustani ya mawaridi. Kuna sanamu ya wafanyakazi 3 wa baharini, wa katikati kashika kitu cha rangi ya dhahabu mfano wa mafuta, na chini majina. Ni ukumbusho wa mtambo wa Piper Alpha uliolipuka 6 Julai 1988, watu 167 walikufa, 61 wakapona. Ile nayo ilikuwa ya jaketi, imesimama imara haikuanguka kwa wimbi. Shemeji alinisimulia pale pale, na yeye hii stori wanafundishwa kila anayeingia kazini. Kulikuwa na pampu 2 za gesi iliyogeuka maji. Moja ilikuwa kwenye matengenezo, valvu yake ya usalama imetolewa, pamewekwa kifuniko cha muda. Karatasi ya kusema hii pampu isiguswe haikuwafikia shifti ya usiku. Pampu ya pili ikazima, wakawasha ile ya kwanza, gesi ikavuja, ikalipuka. Kuta za ndani zilijengwa kuzuia moto wa mafuta, sio mlipuko wa gesi. Na mitambo jirani iliyoungana nayo kwa mabomba iliendelea kusukuma wakati huku kunawaka.

Shemeji akasema mpaka leo jikoni kwake huwezi kufungua hata oveni kuitengeneza bila karatasi yenye saini. Tukarudi nyumbani kimya kimya.

Siku ya 3, tarehe 14 Mei

Treni Aberdeen mpaka Inverness, halafu basi kuvuka daraja la Kessock kwenda kijiji cha Cromarty. Njiani kondoo na mashamba ya shayiri, hakuna dalili yoyote ya mafuta, mpaka basi likashuka kilima na mimi nikasema "Yallah!" kwa sauti, bibi wa mbele akageuka.

Ghuba nzima imepaki rigi. Kijiji kidogo cha nyumba nyeupe za mawe, maua dirishani, halafu ng'ambo ya maji madude yamekaa kama tembo waliokuja kunywa. Nilihesabu 6 nikiwa nimesimama ufukweni. Hapa ndipo zinapokuja kupumzika zikikosa kazi au zikisubiri matengenezo, sababu ghuba ina kina na ndani upepo umezuiliwa na vilima.

Nikakaa kwenye mawe na darubini ya shemeji na sambusa za dada, saa 3 nzima. Ukizitazama kwa utulivu unaona ni aina mbili tofauti.

Ya kwanza ina miguu 3 mirefu ya nondo imenyooka angani kama minara ya simu, na mwili wake ni jahazi bapa la chuma. Hii wanaiita jakapu. Inavutwa ikielea na miguu iko juu, ikifika mahali inashusha miguu mpaka chini, halafu mwili wenyewe unajipandisha kwa meno ya gia, unatoka kabisa majini unakaa juu wimbi lisipofika. Kazi ikiisha inajishusha, inavuta miguu, inaondoka. Tatizo lake maji yakizidi kama mita 150 miguu haitoshi, kwa hiyo sehemu kubwa utaikuta upande wa kusini wa North Sea ambako kina ni kifupi.

Ya pili haina mguu hata mmoja unaofika chini. Ni nguzo nene 4 au 6 zimesimama juu ya mapipa mawili makubwa marefu yaliyolala ubavu kwa ubavu. Hii ni semi. Pale ghubani zilikuwa zimemwaga maji yote ya tumboni kwa hiyo mapipa yenyewe yalionekana, na mstari wa magugu na chaza umejichora katikati ya nguzo kuonyesha maji hufika wapi ikiwa kazini. Nanga zake zimening'inia pembeni, kila moja ukubwa wa bajaji na zaidi. Ikifika kazini inakunywa maji, mapipa yanazama mita kama 20 chini, nguzo tu ndio zinabaki kukatiza uso wa bahari, halafu inashikwa na nanga 8 au 12 pande zote, au injini zenye panga chini zinasukuma huku na huku zikiongozwa na kompyuta.

Nikarekodi voisi, upepo unavuma kwenye simu. Mjomba aliipenda hii kuliko zote. Akasema ni farumi hiyo, mzigo wa chini wa kutuliza chombo, na chombo kisichokuwa na farumi kinacheza, na wimbi liko juu tu, ukipiga mbizi kufuata pweza pima 5 chini kumetulia kama chumbani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumuelezea hilo jambo la wimbi kupungua nguvu kadiri unavyoshuka, nikakuta analijua kabla sijazaliwa.

Shemeji naye kaongeza kwenye simu usiku: kwenye mtambo wa jaketi wakati wa dhoruba unasikia sakafu inatetemeka kidogo tu kama lori limepita, lakini kwenye semi supu inazunguka taratibu kwenye sufuria, jiko lina vyuma vya kuzuia sufuria isihame, na mtu mpya unamjua kwa anavyobeba trei.

Nililala Cromarty. Saa 5 usiku bado kuna mwanga angani na rigi zimewasha taa.

Siku ya 4, tarehe 15 Mei

Nilitaka kuvuka kwa feri ndogo ya kwenda Nigg, ni ya msimu na ilikuwa bado haijaanza. Basi ilibidi nirudi Inverness nikapande treni ya kwenda Invergordon, kuzunguka nusu siku kufika mahali ninapopaona kwa macho. Mvua juu.

Ila Invergordon unazisogelea zaidi. Unasikia majenereta yanaunguruma na mtu anagonga chuma mahali fulani huko juu humuoni.

Pale Nigg, ng'ambo, kuna yadi na bwawa kavu kubwa ambako miaka ya 70 waliunda jaketi inaitwa Highland One, ikaelea kwenda kwenye eneo la mafuta la Forties mwaka 1974. Vijiji vya wavuvi na wakulima ghafla vikajaa mafundi wa kuchomelea. Hapo hapo pia ikaundwa sehemu ya chini ya Hutton, mtambo wa kwanza duniani wa aina ya kuelea huku umefungwa kwa kamba za chuma, mwaka 1984. Huu nao ni wa kipekee, unataka kuelea juu lakini mabomba ya chuma kutoka kila pembe yameuvuta kwenda chini yamekaza, basi haupandi haushuki, unayumba pembeni tu. Fikiria boya umelifunga kamba fupi kuliko kina cha maji, limezamishwa nusu kwa nguvu na linapigania kutoka. Hutton ilishastaafu, sehemu yake ya juu ikaishia Urusi kwenye mtambo mwingine kabisa.

Siku ya 5, tarehe 16 Mei

Ndege Aberdeen mpaka Stavanger, Norway, ni mwendo wa saa 1 hivi, ukikaa dirishani na mawingu yakifunguka unaweza kuona vidoa na moto mdogo unawaka juu ya bomba. Mimi niliona mawingu tu, abiria wa pembeni, fundi mmoja wa Poland, kalala tangu tunaruka.

Makumbusho ya mafuta ya Stavanger yapo ufukweni, jengo lenyewe limeundwa mfano wa mtambo, mapipa ya chuma juu ya maji. Limefunguliwa 1999. Ukija na watoto utashinda humo. Modeli za kila aina zipo, na hapo ndio nikaiona Troll A.

Troll A haijapigiliwa misumari. Imekaa kwa uzito wake. Ni zege, miguu 4 minene, jumla urefu mita 472 kutoka chini mpaka juu, maji peke yake ni mita 303, hata ukichukua ghorofa refu kuliko yote pale Posta Dar ukalipandisha mara 2 bado. Mwaka 1995 waliivuta imesimama hivyo hivyo, kutoka Vats mpaka kwenye gesi kaskazini magharibi ya Bergen, zaidi ya kilomita 200, siku 7. Chini ina kuta zinazozama kwenye tope zaidi ya mita 30, wenyewe wanaziita sketi. Nilimpigia mjomba video nikamuonyesha modeli, nikamwambia hii inavaa sketi. Kacheka mpaka akakohoa, kaita watu wa barazani waje waone. Halafu akauliza kwa uzito, pima ngapi? Nikapiga hesabu, kama pima 165. Baraza likanyamaza.

Pia kuna Ekofisk, eneo la mafuta lililogunduliwa 1969 na kuifanya Norway ilivyo. Ile wamenyonya mafuta mpaka chokaa ya chini ikabonyea na sakafu ya bahari ikashuka na mitambo juu yake. Mwaka 1987 ikabidi wakate miguu, wainue majukwaa kwa jeki mita 6 kwa mpigo, waongeze vipande vya miguu, warudishe.

Siku ya 6, tarehe 17 Mei

Sikujua kwamba leo ni sikukuu ya taifa. Kila duka limefungwa. Mji mzima uko barabarani na bendera, watoto wanaimba, kina mama kwa kina baba wamevaa nguo za asili zenye vifungo vya fedha, na mimi natembea na njaa. Chakula changu cha mchana kikawa soseji 2 na aiskrimu, kwa bei ambayo sitaiandika hapa.

Mchana nikapanda treni ya mjini mpaka Jåttåvågen. Sasa hivi ni maghorofa ya kuishi na uwanja wa mpira, lakini hapo ndipo walipomimina zege la mitambo mingi ya Norway. Nikakaa ukingoni mwa fjodi, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, maji meusi yametulia, familia zinakula keki kwenye nyasi.

Kwenye maji haya haya tarehe 23 Agosti 1991 ilizama Sleipner A, sehemu ya chini ya mtambo wa zege. Walikuwa wanaijaribu, wanaijaza maji kidogo kidogo ishuke. Chini ilikuwa na vyumba 24 vya zege kama masega, na palipokutana vyumba 3 panabaki pembetatu ndogo maji ya bahari yanaingia. Kompyuta ilikosea kupiga hesabu ya nguvu kwenye kuta za zile pembetatu, ikaiona ndogo karibu kwa nusu, na nondo zikawekwa fupi. Ukuta ukapasuka, maji yakaingia kuliko pampu zinavyotoa, waliokuwa juu wakatoka wote salama, na dude likaenda chini mpaka likasambaratika. Vyombo vya kupima matetemeko vilirekodi 3.0. Hasara kama dola milioni 700, kosa liko kwenye kona moja ndogo. Waliijenga nyingine, ipo kazini mpaka leo.

Mjomba hii hakucheka. Akaniambia mwaka fulani fundi mmoja wa Kivinje alitengeneza mashua kubwa, nzuri, kila kitu sawa, akabana kalafati, pamba ya kuziba mianya ya mbao, vibaya sehemu moja chini ya mkuku, ikazama siku ya kushushwa mbele ya shehe na sufuria za pilau.

Siku ya 7, tarehe 18 Mei

Ndege ni jioni. Asubuhi basi la kwenda Kvernevik, nje ya mji, mnara wa pingili ya mnyororo iliyokatika, inaangalia baharini. Ni ya Alexander L. Kielland. Hii ilikuwa semi ya miguu 5, ikitumika kama hoteli ya wafanyakazi kule Ekofisk. Jioni ya 27 Machi 1980 mguu mmoja ulikatika ukaelea peke yake, semi ikainama, ikapinduka. Walikuwemo 212, wakafa 123.

Juzi, kule makumbusho, niliona kipande cha chuma chake. Sikukiandika siku ile. Ni bomba nene, unaweza kuingia ndani ukikaa, na limechanika. Walichimbua baadae wakakuta ufa ulianzia kwenye tundu ambako walichomelea kifaa kidogo cha kusikiliza sauti za chini ya maji, kifaa chenyewe hakina kazi ya kubeba chochote, na weldi yake ilikuwa nyembamba ya milimita 6. Ndani ya ufa wakakuta rangi. Maana yake siku wanaipaka rangi yadi, ufa ulikuwepo tayari, brashi ikapita juu yake. Nilisimama mbele ya hicho chuma mpaka mlinzi akaniuliza kama niko sawa.

Nikiwa uwanja wa ndege nikampigia mjomba nimpe jibu lote kwa pamoja. Ipo ya kupigiliwa, ipo ya kusimama kwa miguu yake halafu ikahama, ipo ya zege inakaa kwa uzito, ipo ya kuelea kwa nanga, ipo ya kuvutwa chini na vyuma, na kina kikizidi kabisa wanatumia meli. Kama ile ya jirani zetu Msumbiji, Coral Sul, urefu mita 432, imefungwa nanga kwenye maji ya mita 2,000, inageuza gesi kuwa maji hapo hapo na shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022.

Akauliza, "Na hii gesi yetu ya Lindi, mtambo wake utakuwa upi katika hiyo?"

Nikamwambia mjomba, kwa mpango uliopo huenda usione kitu. Gesi yetu ya kule mbali iko kwenye maji mpaka ya mita 2,500, hakuna mguu wa kufika. Visima vinafungwa kwenye sakafu ya bahari, bomba linalala chini mpaka nchi kavu Likong'o, kiwanda kinakuwa pale. Norway kaskazini wanayo hivyo hivyo inaitwa Snøhvit, tangu 2007, bomba kilomita 143, juu ya maji hakuna hata boya, na kampuni inayoiendesha ndio hiyo hiyo iliyochimba kule kwetu.

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Kwa hiyo tutavua juu yake?"

Nikamwambia huku kwenye mtambo wa juu haukaribii mita 500, ila vile vya chini wanavifunika kwa vyuma vya mteremko ili nyavu za kukokota zipite zisinase.

"Waambie," akasema, "na sisi watuwekee hivyo vyuma." Halafu akaniuliza kama nimemnunulia na yeye darubini.